Rahisi kwa Sababu Gani? Somo la Mali Zilizokataliwa Sokoni

MZEE mmoja anayeuza mitumba katika soko la Karume, Ilala, jijini Dar es Salaam, aliwahi kununua robota la mashati ambalo wenzake wote walikuwa wamelikataa. Nailoni yake ya nje ilikuwa imechanika ubavuni, mwanya wa mkono kupita, na kila aliyelitazama alikata shauri kwamba limekwisha kuchambuliwa: mashati ya maana yametolewa, yamebaki makapi. Mwenye mali alikuwa akitaka nusu tu ya bei ya kawaida na bado hakupata mtu.

Mzee hakuanza na bei. Aliuliza kwa nini robota linauzwa. Akaambiwa kwamba mwenye mali anadaiwa na mwagizaji, na mzigo mwingine hataletewa mpaka deni la kwanza liishe jioni ile. Ndipo mzee akainama kukagua mikanda. Robota hubanwa kwa mashine hadi kilo 45 za nguo zienee katika furushi la kubebwa begani na mtu mmoja. Likifunguliwa mara moja hufumuka, na hakuna mikono ya mtu iwezayo kulirudishia mbano ule. Mikanda ilikuwa mizima, mbano ulikuwa mkavu kama tofali. Akaliweka kwenye mizani, likasoma kilo 45. Akalipa.

Mashati yalikuwa ya gredi ya kwanza. Nilipomuuliza alijuaje, alinijibu kwa kifupi: "Mwanangu, nailoni si shati."

Ndugu msomaji, wiki hii tuache kidogo bei za nafaka na hati fungani, tuliangalie jambo hili kwa upana wake. Wahenga wanatuambia kuwa rahisi ni ghali, na aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia hahitaji kukumbushwa. Hata hivyo, soko letu na la majirani zetu yana mifano ya mali zilizouzwa kwa bei ya kutupa, zikadharauliwa, na baadaye zikawalipa waliozinunua kuliko walivyotarajia. Mali hizo zilikuwa rahisi kwa sababu iliyomhusu muuzaji: shida yake, haraka yake, au hofu yake. Nyingine zilikuwa rahisi kwa sababu iliyomo ndani ya mali yenyewe, na hizo hazikuponyeka kwa bei yoyote.

Serikali ilipokuwa muuzaji

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 15, 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Septemba mwaka huo ikaingia Kampuni ya Bia, TBL, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 550. Novemba 2000 ikafuata Kampuni ya Sigara, TCC, kwa shilingi 410.

Wanaokumbuka siku zile wanajua zilivyopokelewa. Neno hisa lenyewe lilikuwa geni kwa wengi. Watu walikuwa wametoka tu kushuhudia mashirika ya umma yakifa moja baada ya jingine, viwanda vikifungwa na wafanyakazi wakidai mafao. Mwananchi wa kawaida alijiuliza: kama mali hii ni nzuri, Serikali inaiuza ya nini? Swali lilikuwa zuri. Kosa la wengi ni kuliuliza kisha kwenda zao bila kungoja jibu.

Jibu lilikuwepo, tena halikuwa siri. Serikali ilikuwa inauza kwa sababu ya sera ya ubinafsishaji. Haikuwa inakimbia viwanda vinavyokufa. Nusu ya TBL ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na kampuni ya bia ya Afrika Kusini, SAB, tangu mwaka 1993, na asilimia 51 ya TCC ilikuwa mikononi mwa R.J. Reynolds ya Marekani tangu mwaka 1995. Maana yake ni kwamba mwananchi alipoombwa fedha zake, mitambo ilikuwa imekwisha kutiwa mkono na watu wanaoijua kazi hiyo. Bei nayo ilipangwa ili mwalimu au karani aweze kununua, kwani shabaha ilikuwa kupata wanahisa wadogo wengi. Ukikutana na muuzaji ambaye shabaha yake si kupata bei ya juu kabisa, kaa karibu naye.

Kufikia mwishoni mwa mwaka 2015 hisa moja ya TBL ilikuwa imevuka shilingi 10,000. TCC ilikuja kuvuka 15,000 katika miaka iliyofuata. Lakini tusidanganyane kwa tarakimu. Mwaka 1998 dola moja ilikuwa karibu shilingi 665. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa imezidi 2,100. Kwa hiyo shilingi 550 za siku ile zilikuwa kama senti 83 za dola, na shilingi 10,000 za baadaye ni kama dola 4 na senti 76. Kwa shilingi mtu ameongeza fedha zake mara 18. Kwa dola hazikufika mara sita. Bado ni biashara nzuri mno, na gawio la kila mwaka halimo katika hesabu hiyo. Ila anayekusimulia habari ya mara 18 bila kutaja dola anakusimulia nusu.

Na TOL, iliyofungua mlango? Hisa zake ziliuzwa kwa shilingi 500, katika sera ile ile na soko lile lile. Kwa miaka mingi zilikuwa zikibadilisha mikono chini ya bei hiyo. Muuzaji alikuwa yule yule na sababu yake ile ile, lakini mitambo ya gesi na wateja wake ni hesabu nyingine kabisa na bia. Kujua kwa nini muuzaji anauza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukagua mikanda.

Nairobi: foleni, kisha ukimya

Tuvuke mpaka. Machi na Aprili 2008, Kenya ikiwa ndiyo kwanza inatoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi, serikali ya nchi hiyo iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Foleni zilikuwa ndefu. Waombaji walizidi laki nane, na wengi wao walikopa benki ili waombe hisa nyingi zaidi, wakipanga kuziuza siku ya kwanza na kurudisha mkopo. Kwa kuwa maombi yalizidi hisa kwa mbali, kila mmoja alipewa kidogo na kurudishiwa fedha zilizobaki, huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa kana kwamba amepata zote.

Juni 9, 2008, siku ya kwanza sokoni, hisa ilipita shilingi 7. Halafu ikaanza kuteremka. Septemba benki ya Lehman Brothers ya Marekani ikaanguka, masoko ya dunia yakatikisika, na mwanzoni mwa 2009 hisa ile iliyogombewa kwa shilingi 5 ilikuwa chini ya shilingi 3. Hakuna aliyeitaka. Watu waliokuwa wakijisifu mezani walianza kubadili mazungumzo.

Hapa ndipo somo linapokuwa zito, kwa sababu hofu ile haikuwa ya bure. Faida ya kampuni ilikuwa imeshuka kweli, kutoka shilingi bilioni 13.9 katika mwaka ulioishia Machi 2008 hadi bilioni 10.5 mwaka uliofuata. Washindani wapya walikuwa wameingia, Orange na yu. Mwaka 2010 vita vya bei za simu vikawa vikali zaidi, na hadi 2011 na 2012 bado hisa ilikuwa ikizungukia shilingi 3. Aliyenunua mwaka 2009 akidhani amekwisha kuwa mjanja alikaa miaka mitatu akichekwa.

Sasa tufanye hesabu ambayo kila mfanyabiashara wa duka anaijua, ila akifika kwenye hisa huisahau. Safaricom ina hisa bilioni 40. Faida ya bilioni 10.5 ukiigawa kwa hisa hizo, kila hisa inapata senti 26. Aliyenunua kwa shilingi 5 alikuwa anatoa bei inayolingana na faida ya miaka 19. Aliyenunua kwa shilingi 2 na senti 60 alitoa bei ya miaka 10. Kampuni ni ile ile, minara ile ile, wateja wale wale. Kilichobadilika ni kwamba waliokopa walikuwa wanauza ili wanyamazishe benki. Wakati huo huo, yeyote aliyetembea Gikomba au Kisumu aliona vibanda vya M-Pesa vikiongezeka. Huduma hiyo ilikuwa imeanza Machi 2007. Hilo lilikuwa shati, na lilionekana kwa macho kupitia mwanya wa nailoni.

Katika mwaka ulioishia Machi 2020 Safaricom ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 73 na kugawa shilingi 1 na senti 40 kwa kila hisa. Aliyenunua kwa 2 na senti 60 alirudishiwa katika mwaka mmoja zaidi ya nusu ya mtaji wake, na hisa bado iko mkononi. Agosti 2021 bei ilivuka shilingi 40.

Wapo walionunua kwa 40. Nao walikuwa na sababu zao: kampuni nzuri, kila mtu anaitumia, imepanda miaka yote. Mwaka 2023 bei ilishuka chini ya shilingi 13. Mali njema iliyonunuliwa kwa bei mbaya huumiza kama mali mbovu, ila inaumiza polepole zaidi.

Benki iliyokimbiwa

Turudi nyumbani, kwa mfano ambao mwandishi wa ukurasa huu anaujua kwa kuumia mwenyewe.

CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350, nao wakatoa zaidi ya shilingi bilioni 150 bila kusukumwa. Baada ya hapo mambo yakaharibika. Serikali iliagiza fedha za taasisi za umma zihamishiwe Benki Kuu, na benki za biashara zikapoteza amana kubwa zilizokuwa zinakaa bure kwao. Mikopo chechefu ikaongezeka katika benki karibu zote. Faida ya CRDB iliyokuwa shilingi bilioni 129 mwaka 2015 ikateremka hadi bilioni 74 mwaka 2016, na mwaka 2017 ikafika bilioni 36 tu. Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 5 kwa hisa. Januari 2018 Benki Kuu ikazifutia leseni benki 5 ndogo kwa mpigo, na baada ya hapo ukimtajia mtu hisa za benki alikutazama kama unayemuuzia nyumba iliyofurika maji.

Mimi nilikuwa na hisa 3,000. Mwaka 2019, bei ilipofika shilingi 120, nilimwambia dalali wangu auze zote. Sababu yangu ilikuwa kwamba zimeshuka. Hakuna nyingine. Ningeulizwa siku ile benki ina hisa ngapi nisingejua. Ningeulizwa faida yake ya mwaka 2018, nisingejua kwamba ilikwisha kupanda tena hadi bilioni 64. Taarifa za kila robo mwaka zilikuwa zikichapishwa magazetini kwa herufi ndogo, na gazeti hilo nilikuwa nafungia vitafunwa.

Mwishoni mwa 2019 bei ilikuwa chini ya shilingi 100. Tuchukue 95. CRDB ina hisa bilioni 2.61. Faida ya mwaka 2019 ilipotangazwa ilikuwa shilingi bilioni 120, ambayo kwa kila hisa ni kama shilingi 46. Soma tena, msomaji. Soko lilikuwa linauza kwa shilingi 95 kitu kinachozalisha shilingi 46 kwa mwaka. Mwenye mashine ya kusaga nafaka akiambiwa kuna mashine inayorudisha bei yake kwa miaka miwili na kidogo, hulala mlangoni kwa muuzaji. Kwenye hisa tulipita tukiziba pua.

Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo? Kwa sababu waliouza walikuwa watu kama mimi. Soko letu lina wanunuzi wachache, na siku ambayo wadogo mia moja wanataka kutoka kwa pamoja, bei huanguka hata kama benki yenyewe haijasogea. Wenye hisa wakubwa, kama Mfuko wa Uwekezaji wa DANIDA na mifuko ya pensheni, walibaki. Majina yao yako katika taarifa ya mwaka, ukurasa wa wanahisa wakubwa kumi, na haulipii kuusoma. Uongozi mpya ulikuwa umeingia Oktoba 2018 na kazi ya kukusanya madeni ilikuwa inaonekana katika hesabu kila baada ya miezi mitatu.

Mtu aliyetoa shilingi 95,000 wakati ule alipata hisa 1,000, tukiacha kamisheni ya dalali na ada za soko. Gawio la mwaka 2019 lilikuwa shilingi 17 kwa hisa. La 2020 lilikuwa 22, la 2021 likawa 36, la 2022 likawa 45, la 2023 likawa 50, na la 2024 likawa 65. Jumla ni shilingi 235 kwa hisa, sawa na 235,000 kwa hisa zake 1,000. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5 zinabaki 223,250. Amerudisha mtaji wake zaidi ya mara mbili kwa gawio peke yake, kabla hajauza hata hisa moja. Na bei katika mwaka 2024 ilivuka shilingi 600.

NMB ni ndugu wa habari hii, ingawa yenyewe haikufika kukimbiwa. Iliingia sokoni Novemba 6, 2008, wiki chache tu baada ya masoko ya dunia kuporomoka, kwa shilingi 600. Wapo walioona kununua benki wakati benki za Ulaya na Marekani zinaokolewa na serikali zao ni kujitafutia balaa. Gawio la mwaka 2023 peke yake lilikuwa shilingi 361 kwa hisa.

Mumias: mikanda iliyokatika

Nisipoandika sehemu hii nitakuwa nimemdanganya msomaji. Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kiliuza hisa zake kwa umma mwaka 2001 kwa shilingi 6 na senti 25, na kwa miaka kadhaa kilikuwa fahari ya soko la Nairobi. Baadaye bei ilianza kuporomoka. Ikapita 5, ikapita 2, ikapita 1. Katika kila ngazi alikuwepo mtu aliyesema haiwezi kushuka zaidi ya hapo, akanunua. Hoja yake ilikuwa ile ile ya robota: angalieni ilivyokuwa na angalieni inavyouzwa.

Lakini kilichochanika hapa hakikuwa nailoni. Kiwanda kilikuwa hakiwalipi wakulima miwa yao kwa wakati. Mkulima asiyelipwa hupeleka miwa kwa kiwanda kingine au hung'oa na kupanda mahindi. Kiwanda cha sukari bila miwa ni mabati na vyuma. Madeni yaliongezeka, serikali ikaingiza fedha za kukinusuru mwaka 2015, hazikutosha, ikaingiza tena. Hasara iliendelea mwaka baada ya mwaka. Septemba 2019 benki iliyokuwa ikikidai iliweka msimamizi wa mali, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa bei ikiwa senti 27.

Aliyenunua kwa shilingi 1 akiona amepata kitu cha bure alipoteza karibu robo tatu ya fedha zake kwa hesabu ya karatasi. Kwa kweli alipoteza zote, maana hapakuwa tena na pa kuuzia.

Linganisha na benki tuliyoitaja. Mwaka 2017, katika hali yake mbaya kuliko zote, CRDB ilikuwa bado inapata faida ya bilioni 36 na inagawa kitu, hata kama ni shilingi 5. Wenye akaunti walikuwa bado wanapanga foleni matawini. Mumias ilikuwa inapata hasara, na waliokuwa wanaijua kwa karibu kabisa, yaani wakulima, ndio waliotangulia kuondoka. Anayetaka kujua kama kiwanda ni kizima asiishie kwenye ubao wa bei. Aende kwa wanaokiuzia malighafi awaulize kama wanalipwa.

Kabla hujatoa fedha

Sokoni Karume unamwona muuzaji uso kwa uso. Kwenye soko la hisa humwoni, na hiyo ndiyo tabu ya wengi. Lakini alama zake zipo. Kama bei imeshuka baada ya watu kununua kwa mikopo, jua muuzaji anasukumwa na deni lake mwenyewe. Kama wanahisa wakubwa nao wanapunguza hisa zao taarifa baada ya taarifa, jiulize wanajua nini. Kama bei imeshuka lakini hakuna hisa nyingi zinazouzwa, huenda ni wachache tu wenye haraka ya ada za shule.

Kisha uingie ndani ya mizania. Chukua faida ya mwaka, igawe kwa idadi ya hisa, halafu ligawe jibu hilo katika bei. Utapata miaka. Hesabu hiyo inafanyika nyuma ya risiti. Usiifanye kwa mwaka mmoja tu, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati. Angalia mitatu au minne, na uangalie pia kama kampuni inaingiza fedha taslimu au inaandika tu faida huku wateja hawajalipa. Angalia madeni yake yanaiva lini. Kampuni isiyodaiwa sana inaweza kungoja miaka mibaya ipite. Inayodaiwa haina muda huo, wala wewe uliyenunua hisa zake huna.

Usikope. Wakenya wa 2008 hawakukosea kampuni. Walikosea muda, kwa sababu mkopo wa miezi michache ulikutana na mali iliyohitaji miaka. Fedha za kununulia kitu kinachotiliwa shaka ziwe zile ambazo hata zikikaa miaka mitano nyumba italala na kula.

Kuna na jambo la kutoka, ambalo linasahauliwa na wanaosherehekea bei ubaoni. TCC imekuwa na vipindi virefu ambapo bei inasomeka ile ile wiki hata wiki kwa sababu hakuna anayeuza na hakuna anayenunua. Bei ya namna hiyo ni maoni, si fedha. Mwenye hisa za shilingi milioni 5 ubaoni anayehitaji fedha Jumatatu kwa ajili ya hospitali anaweza kukuta mnunuzi wa milioni moja tu, na nyingine asubiri. Ndiyo maana napendelea kuhesabu gawio kwanza, bei baadaye.

Msomaji wa biashara ya bidhaa ataona kwamba mambo haya hayahusu hisa peke yake. Gari la mtumba kutoka Japani lililopata mkwaruzo mlangoni huuzwa rahisi kuliko lenye injini iliyochoka na rangi inayong'aa, na wanunuzi wengi huchagua rangi. Duka linalouzwa na wajane wanaotaka kugawana mirathi ni tofauti na duka linalouzwa na mtu aliyesikia kwamba barabara itahamishwa. Mashine ya kukamua alizeti iliyokaa bila kazi kwa kukosa kipuri kimoja yaweza kuwa bahati yako, mradi uwe umekwisha kukipata kipuri hicho kabla hujalipa, wala usiambiwe kwamba kinapatikana.

Nimalizie habari ya hisa zangu 3,000. Dalali alipata mnunuzi wa 2,600. Nilipokea shilingi 312,000, nikatoa kamisheni, nikaezeka jiko. Hisa 400 zilizobaki hazikupata mtu wiki ile wala iliyofuata, na baadaye nikaacha kumpigia simu kwa aibu. Gawio la mwaka 2024 kwa hisa hizo 400 lilikuwa shilingi 26,000, na baada ya kodi nikapokea 24,700. Mtu aliyenunua zile 2,600 sijawahi kumjua. Kwa mwaka huo huo yeye alipokea, baada ya kodi, shilingi 160,550.